Kabla ya kuzalisha msimbo, majedwali yatengenezwe

Ndugu Mhariri,

Kurasa za teknolojia, zikiwemo za gazeti lako, husifu mno zana zinazounganishwa na hifadhidata na baada ya dakika chache zikatoa maelfu ya mistari ya msimbo: klasi za majedwali (vipande vya msimbo vinavyowakilisha majedwali), fomu za kuingizia data, ripoti, hata mafaili ya kubadilisha muundo wa hifadhidata yenyewe. Sifa hizo zina haki yake. Kuandika kwa mkono klasi ya jedwali lenye safu 60 ni kazi ya kuchosha, na aliyechoka hukosea. Lisilosemwa ni kwamba zana hizi hazina pa kuchota isipokuwa kwenye muundo wa majedwali. Muundo ukiwa ovyo, chombo hakiunyooshi. Kitaunakili uovyo ule ule katika mafaili 200, tena kwa mwandiko nadhifu unaomfanya anayesoma auamini. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wasomaji wako wanaotengeneza programu ni mmoja: kazi ya maana ifanyike kwenye majedwali kabla chombo hakijawashwa, na SQL inayotoka, yaani lugha ya kuiamuru hifadhidata, isomwe kabla haijafika kwenye seva ya kazi, ile inayotumiwa na watu halisi.

Zana zenyewe ziko za aina mbalimbali. Zipo zinazosoma hifadhidata iliyopo na kutoa klasi, kama inspectdb ya Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti), amri ya dotnet ef dbcontext scaffold ya Entity Framework Core, au jOOQ kwa wanaotumia Java. Zipo zinazokwenda upande wa pili, zikianzia kwenye klasi na kuzalisha majedwali na mabadiliko yake. Humo wamo Hibernate, Django tena, Entity Framework, na Alembic ya watu wa SQLAlchemy, maktaba ya Python. Zipo chache, kama sqlc, zinazosoma maswali ya SQL uliyoandika mwenyewe na kukutolea msimbo wa kuyaendesha. Halafu wapo wasaidizi wa akili mnemba, waliozoeleka tangu GitHub Copilot ilipojitokeza mwaka 2021. Njia zote hizo huishia kwenye SQL, lugha iliyozaliwa IBM katika miaka ya 1970 juu ya nadharia ya majedwali aliyoichapisha Edgar Codd mwaka 1970. Makosa mengi nitakayoyataja hapa ni ya zamani kuliko zana zinazoyazalisha.

Tuanze na ufunguo msingi, yaani safu inayoitambulisha kila rekodi bila kujirudia. Jedwali lisilo nao si jambo geni, hasa pale data ilipoingizwa kutoka kwenye lahajedwali. Entity Framework ikilikuta jedwali la namna hiyo huliundia klasi isiyo na ufunguo: unaweza kulisoma, lakini huwezi kuhifadhi mabadiliko kupitia klasi hiyo. Django hufanya vingine. Hudhani ipo safu iitwayo id hata kama haipo, na swali la kwanza tu hurudi na kosa kwamba safu hiyo haikupatikana. Mtu anaweza kushinda anapekua msimbo ilhali kasoro iko kwenye jedwali. Kwenye PostgreSQL, moja ya programu za hifadhidata, majedwali yasiyo na ufunguo msingi hupatikana hivi:

SELECT c.relname FROM pg_class c
JOIN pg_namespace n ON n.oid = c.relnamespace
WHERE c.relkind = 'r' AND n.nspname = 'public'
AND NOT EXISTS (SELECT 1 FROM pg_constraint k
WHERE k.conrelid = c.oid AND k.contype = 'p');

Orodha ikishatoka, usikimbilie kubandika safu ya id kila mahali. Uliza kwanza ni safu ipi inayopaswa kuitofautisha rekodi moja na nyingine, kisha kagua kama kweli haijirudii kwa GROUP BY na HAVING COUNT(*) > 1. Ukibandika id juu ya rekodi zinazojirudia, umezihalalisha: sasa mteja mmoja ana namba mbili, na kila ripoti itamhesabu mara mbili. Ondoa marudio, weka sharti la UNIQUE (linalokataa marudio) kwenye safu ya asili, halafu id ndiyo ifuate kama bado unaitaka.

Funguo za kigeni nazo, yaani safu zinazoelekeza kwenye rekodi ya jedwali jingine, ndizo zinazokiambia chombo jedwali lipi linahusiana na lipi. Zisipokuwepo, klasi ya ankara haitajua kabisa kwamba kuna mteja. Itabaki na namba tupu inayoitwa mteja_id. Ukitaka kuuongeza ufunguo wa kigeni kwenye hifadhidata ambayo imeshatumika miaka, utakutana na rekodi yatima, yaani malipo yanayoelekeza kwenye ankara zilizokwisha kufutwa. Watafute mayatima hao kwa LEFT JOIN kutoka malipo kwenda ankara (muunganisho unaobakiza malipo yote, hata yasiyo na ankara), ukichukua zile ambazo upande wa ankara ni NULL, yaani hauna thamani, na uamue hatima ya kila kundi pamoja na mwenye data, usiamue peke yako. Kwa jedwali kubwa kwenye PostgreSQL, ongeza sharti likiwa na NOT VALID: rekodi mpya zitakaguliwa mara moja, za zamani zitasubiri. Kisha endesha VALIDATE CONSTRAINT wakati wowote, kwa sababu hatua hiyo haizuii watu kuendelea kuandika kwenye jedwali. Kitu kingine kinachosahaulika: PostgreSQL haiundi indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji) kwenye safu yenye ufunguo wa kigeni, wakati MySQL, hifadhidata nyingine, huiunda yenyewe kupitia injini yake ya InnoDB. Aliyehama kutoka MySQL hushangaa kuona kufuta ankara moja kunachukua sekunde kadhaa. Seva inalipitia jedwali zima la malipo kuhakikisha hakuna rekodi iliyoachwa ikining'inia.

Aina za data zina hatari ya kimyakimya. Safu ya fedha ikiwa FLOAT au DOUBLE, chombo kitaipa klasi namba ya desimali inayoelea, na namba hizo haziwezi kushika 0.1 kwa ukamilifu. Ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Kwenye ankara moja hutaona kitu, ila jumla ya mwaka haitalingana na daftari, na hakuna atakayepata rekodi yenye kosa kwa sababu hakuna rekodi yenye kosa. Tumia NUMERIC(12,2), inayobeba hadi 9,999,999,999.99, halafu hakikisha klasi iliyozalishwa nayo imepewa Decimal au BigDecimal. Safu ya id ya INT hufika kikomo kwenye 2,147,483,647. Kwa jedwali la matukio au kumbukumbu za mfumo anza na BIGINT, kwani kubadilisha baadaye maana yake ni kuliandika upya jedwali zima na kila jedwali linalolirejelea. Tarehe zilizohifadhiwa kama matini mara nyingi hazipangiki ipasavyo. Na kwenye MySQL, jina utf8 kwa miaka mingi limemaanisha herufi zisizozidi baiti 3, kwa hiyo emoji moja kwenye maoni ya mteja hulifanya ombi zima likataliwe, chagua utf8mb4.

Kuhusu NULL, nina neno moja kwa wanaopenda njia ya mkato. Ukiongeza safu isiyoruhusu NULL kwenye jedwali ambalo tayari lina rekodi, chombo kitakuuliza thamani ya kujazia. Wengi huandika matini tupu au sifuri ili mambo yaende. Umri wa sifuri na simu tupu ni data ya uongo, na itaingia kwenye wastani na ripoti bila kuaga. Afadhali safu iruhusu NULL, ijazwe taratibu kwa data halisi, na sharti la NOT NULL liwekwe mwisho.

Majina ni jambo dogo lenye usumbufu mkubwa. PostgreSQL hubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo pale jina lisipowekwa kwenye alama za kunukuu. Chombo kikiunda jedwali kwa jina "Wateja" likiwa ndani ya alama hizo, kuanzia siku hiyo kila anayeandika swali kwa mkono atalazimika kuzitumia, la sivyo ataambiwa jedwali wateja halipo wakati analiona kwa macho yake. Majina ya herufi ndogo yenye kistari cha chini huondoa adha hiyo. Epuka pia kuita jedwali user au order. Yote mawili ni maneno ambayo SQL imejiwekea.

Msimbo ukishazalishwa, usiuguse kwa mkono. Kanuni hii inajulikana na inavunjwa kila mahali, kwa sababu marekebisho huwa ni madogo: mstari mmoja wa kusafisha namba ya simu, au njia moja ya kukokotoa punguzo. Muundo ukibadilika na chombo kikaendeshwa tena, mstari ule unafutika na hakuna kosa linalojitokeza. Programu inarudi tu kwenye tabia yake ya zamani. Mafaili yaliyozalishwa yakae kwenye folda yake peke yake. Unachoongeza kiwe kwenye faili la pembeni: C# ina klasi za vipande zinazoandikwa katika faili zaidi ya moja, kwingineko utatumia urithi au klasi inayoizunguka ile iliyozalishwa. Toleo la chombo liandikwe kwenye mipangilio ya mradi kwa namba kamili, kwa sababu matoleo mawili tofauti hutoa msimbo tofauti kutoka jedwali moja na kila mtu kwenye timu ataanza kufuta kazi ya mwenzake. Kisha mashine ya ujenzi izalishe msimbo upya kila mara na kuendesha git diff --exit-code, inayolinganisha mafaili hayo na yale yaliyohifadhiwa. Tofauti ikionekana, ujenzi usimame. Hapo ndipo utakapomjua aliyehariri faili au aliyebadilisha jedwali bila kusema.

Hasara kubwa zaidi hutokea kwenye mafaili ya mabadiliko. Tuseme jedwali la wateja lina safu simu, na mtengenezaji ameamua iitwe namba_ya_simu. Anabadilisha jina ndani ya klasi, kisha anaiagiza Alembic ilinganishe klasi na hifadhidata. Alembic haina njia ya kujua kwamba hiyo ni safu moja. Inachoona ni kwamba safu moja imetoweka na nyingine imezuka, kwa hiyo inaandika op.add_column kwa ile mpya na op.drop_column kwa ile ya zamani. Faili linapita bila lawama. Majaribio nayo yanapita, kwani hifadhidata ya majaribio haina wateja. Kwenye seva ya kazi namba zote za simu zinakwenda na safu yao. Django ni muungwana kidogo: makemigrations huuliza kama safu imebadilishwa jina. Ila ikiendeshwa na --noinput, jibu linalochukuliwa ni hapana, na msiba ni ule ule.

Dawa ni kulifungua faili na kuandika mwenyewe op.alter_column('wateja', 'simu', new_column_name='namba_ya_simu'), au kwa SQL, ALTER TABLE wateja RENAME COLUMN simu TO namba_ya_simu. Neno drop likionekana popote kwenye faili la mabadiliko, mtu wa pili alisome kabla ya kupitishwa. Na kama mfumo hauwezi kusimama, hata kubadilisha jina kwa njia sahihi hakufai, kwa sababu programu ya zamani iliyo hewani bado inaitafuta simu. Ongeza safu mpya. Toa toleo la programu linaloandika kwenye safu zote mbili. Jaza rekodi za zamani kwa mafungu ya 5,000 au 10,000, kila fungu na muamala wake (kundi la amri zinazokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja). Hamisha usomaji kwenda safu mpya, na ile ya zamani uifute katika toleo linalofuata. Mafungu yana sababu: UPDATE moja ya jedwali zima kwenye PostgreSQL huandika nakala mpya ya kila rekodi, hivyo jedwali linaweza kufura karibu mara mbili, na rekodi zote zilizoguswa hubaki zimefungwa hadi muamala umalizike.

Kufuli, yaani zuio ambalo seva huweka kwenye jedwali wakati wa kazi, ndilo fumbo linalowachanganya hata wazoefu. ALTER TABLE nyingi kwenye PostgreSQL huhitaji kufuli kali kuliko yote, lile linalozuia hata SELECT, amri ya kusoma. Badiliko lenyewe linaweza kuwa la milisekunde chache. Tangu toleo la 11 la mwaka 2018, kuongeza safu yenye thamani ya kudumu hakuandiki upya jedwali. Tatizo ni foleni. Ikiwepo ripoti inayosoma jedwali hilo kwa dakika 10, ALTER husubiri nyuma yake, na kila swali jipya husubiri nyuma ya ALTER. Mfumo mzima unaganda ingawa hakuna kazi nzito inayofanyika. Weka SET lock_timeout = '5s' mwanzoni mwa faili: ikishindikana kupata kufuli ndani ya sekunde 5, badiliko linakata tamaa, foleni inaondoka, nawe unajaribu tena. Kwa indeksi tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY. Amri hiyo haikubali kuendeshwa ndani ya muamala, kwa hiyo chombo kiambiwe kisiufungue, na ikikatika njiani huacha indeksi mbovu iliyoandikwa INVALID ambayo ni lazima ifutwe kabla ya kujaribu upya.

Wanaotumia MySQL wana mtego wao. Kila amri inayobadilisha muundo huthibitishwa papo hapo, hata ukiwa umefungua muamala. Faili lenye amri 6 likishindwa kwenye ya 4, zile 3 za mwanzo zimeshakaa na hazirudi, na chombo kitakataa kuanza tena kwa sababu safu zipo tayari. Amri moja ya muundo kwa kila faili ni uchoshi unaolipa.

Onyo moja la haraka kuhusu majaribio. Ni kawaida kujaribu kwenye SQLite na kuendesha kazi kwenye PostgreSQL kwa kuwa chombo kinadai kuzizungumza zote mbili. SQLite haikagui funguo za kigeni mpaka uiamuru kwa PRAGMA foreign_keys = ON katika kila muunganisho, na VARCHAR(10) yake hupokea herufi 500 bila kunung'unika. Majaribio yaliyopita huko hayakuthibitisha masharti yako.

Nije kwenye usomaji wa data, mahali ambapo zana za klasi huficha gharama. Ukurasa unaoonyesha ankara 100 pamoja na jina la mteja wa kila moja huweza kuendesha swali 1 la kuleta ankara na maswali 100 ya kuleta wateja, mmoja mmoja. Kila swali likichukua milisekunde 3 kwenda na kurudi kwenye mtandao, hizo ni milisekunde 300 za bure. Kwenye kompyuta ya mtengenezaji, ambako hifadhidata iko humo humo, hakuna anayehisi. Ili uyaone, iambie zana ichapishe SQL yake: echo=True kwenye SQLAlchemy, hibernate.show_sql kwenye Hibernate. Dawa kwenye Django ni select_related, inayounganisha yote katika swali moja, au prefetch_related, inayotumia mawili. Hibernate ina JOIN FETCH, Entity Framework ina Include. Ukishatengeneza, funga mlango kwa jaribio la assertNumQueries ili anayeongeza safu kwenye ukurasa huo mwakani akamatwe na mashine.

Lakini kuunganisha nako kuna kosa lake, na ndilo ninalolihofia kuliko yote kwa sababu linatoa jibu lenye sura ya ukweli. Chukua ankara moja yenye vipengele vitatu vya 10,000, 20,000 na 30,000. Jumla yake ni 60,000. Mteja amelipa mara mbili, 25,000 na 15,000, jumla 40,000. Anadaiwa 20,000. Sasa mwambie msaidizi wa akili mnemba, au uandike kwa haraka kwenye zana ya klasi: nipe deni la kila ankara. Jibu linalotoka mara nyingi huunganisha ankara na vipengele, kisha na malipo, halafu huita SUM mbili. Vipengele 3 vikikutana na malipo 2 vinazaa rekodi 6. Kila kipengele kimehesabiwa mara 2, hivyo jumla ya ankara inakuwa 120,000. Kila malipo yamehesabiwa mara 3, nayo yanakuwa 120,000. Deni: sifuri. Mdaiwa ametoka kwenye orodha akiwa safi, na swali halikutoa kosa wala onyo lolote.

Kuna wanaoponya hili kwa SUM(DISTINCT kiasi). Hiyo si dawa. Siku mteja akilipa 15,000 mara mbili, malipo moja litamezwa. Na kama JOIN iliyotumika ni ya kawaida, ankara ambazo hazijalipwa hata kidogo hazitaonekana kabisa, nazo ndizo zilizokuwa zikitafutwa. Njia sahihi ni kujumlisha kila upande peke yake kabla ya kuunganisha:

WITH v AS (SELECT ankara_id, SUM(kiasi) AS jumla FROM vipengele GROUP BY ankara_id),
m AS (SELECT ankara_id, SUM(kiasi) AS jumla FROM malipo GROUP BY ankara_id)
SELECT a.id, COALESCE(v.jumla, 0) - COALESCE(m.jumla, 0) AS deni
FROM ankara a
LEFT JOIN v ON v.ankara_id = a.id
LEFT JOIN m ON m.ankara_id = a.id;

Maelekezo rasmi ya Django yenyewe yanaonya kwamba kuweka hesabu mbili za namna hii kwenye annotate moja (njia ya Django ya kuongeza hesabu kwenye swali) hutoa majibu yasiyo sahihi. Kwenye Entity Framework, Include mbili za orodha hupanua matokeo kwa mtindo huo huo, ingawa huko hasara ni ya kasi na si ya hesabu. Tangu toleo la 5 la Entity Framework Core kuna AsSplitQuery ya kuzitenganisha. Ushauri wangu: kila ripoti ya fedha iwe na jaribio lenye ankara ya vipengele 3 na malipo 2, na nyingine isiyo na malipo hata moja. Ukitumia kipengele 1 na malipo 1, kosa hili halionekani kamwe.

Ndiyo maana kwa ripoti ninapendelea zana za aina ya sqlc au jOOQ, ambazo humwachia mtu SQL yake na kumbebea kazi ya kuchosha tu. Safu ikifutwa, msimbo unakataa kujengwa na unajua siku hiyo hiyo. Kwa fomu za kawaida za kuongeza na kuhariri rekodi, zana za klasi zinatosha kabisa na sioni sababu ya kuzikwepa.

Wasaidizi wa akili mnemba wana makosa yao ya kujirudia. La kwanza ni kubuni majina: usipowapa muundo, watakuandikia tarehe_ya_kuundwa wakati safu yako inaitwa imeundwa. Wape matokeo ya pg_dump --schema-only, ambayo yana majedwali na masharti bila rekodi hata moja ya mteja, na uwatajie toleo la seva. Pia chunga vipindi vya tarehe. BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31' kwenye safu yenye saa huishia usiku wa manane wa kuanza tarehe 31, kwa hiyo miamala karibu yote ya siku hiyo inapotea; andika >= '2024-03-01' na < '2024-04-01'. Ukiepuka kuizungushia safu kazi kama DATE(), indeksi yake nayo itatumika. Chunga NOT IN: orodha ya ndani ikiwa na NULL moja tu, matokeo huwa matupu, kwa hiyo pendelea NOT EXISTS. Kubwa kuliko hayo ni maswali yanayotungwa kwa kuunga matini na kile alichoandika mtumiaji. Thamani zote zipite kwenye parameta, yaani zitumwe kando na matini ya swali ili zisisomwe kama amri. Jina la safu kwenye ORDER BY haliwezi kuwa parameta, basi lilinganishwe na orodha ya majina yanayoruhusiwa, na lisilokuwemo likataliwe.

Kabla ya kukubali swali lolote zito, liangalie kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango wa seva wa kuliendesha. Wengi huongeza ANALYZE wapate muda halisi, wakisahau kwamba EXPLAIN ANALYZE huliendesha swali kweli. Ukiitumia kwenye DELETE, rekodi zinafutika. Tangulia na BEGIN, malizia na ROLLBACK, inayotengua yote.

La mwisho ni ruhusa. Zana inayosoma muundo au kuandika ripoti haihitaji akaunti yenye mamlaka yote, wala msaidizi wa akili mnemba aliyepewa muunganisho wa moja kwa moja. Kwenye PostgreSQL unda akaunti ya kusoma, iite msomaji, uipe GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA public. Kumbuka amri hiyo hugusa majedwali yaliyopo leo tu. Kwa yatakayokuja, mmiliki wake aongeze ALTER DEFAULT PRIVILEGES, la sivyo baada ya kila badiliko utaambiwa ruhusa imekataliwa na mtu aliyechoka ataamua kuipa akaunti hiyo kila kitu. Iwekee ALTER ROLE msomaji SET statement_timeout = '30s' ili swali lisilo na mwisho lisiielemee seva. Majedwali yenye nywila au taarifa za afya yaondolewe kwa REVOKE. Na akaunti inayobadilisha muundo iwe nyingine, ambayo nywila yake haimo kabisa kwenye kompyuta inayoendesha zana hiyo ya kusoma.

Msomaji wako,
Mtaalamu wa hifadhidata